Paladini hasemi uongo, mpaka Baba aulize

Wengi mliotuandikia baada ya kipindi kilichopita mliuliza jambo moja: kwa nini nilinyamaza ghafla wakati tunacheka kuhusu paladini asiyeruhusiwa kusema uongo? Mlidhani intaneti imekatika. Haikukatika. Nilikumbuka kitu ambacho sikuwa tayari kukisema mbele ya kipaza sauti. Tangu hapo nimemwomba Baba ruhusa, amenipa, kwa hiyo leo nakiandika.

Lakini siwezi kuanza na Baba. Inabidi nianze na mchezo, maana bila mchezo hamtaelewa kwa nini neno moja tu, tena neno dogo, limenisumbua miezi yote hii.

Meza yetu

Kwa wageni: sisi ni watu watano. Watatu tunaishi huku Dallas–Fort Worth, wawili wako Houston. Wazazi wetu walikuja Marekani kutoka Tanga, Kisumu, Bukavu na Kampala, sisi tukakulia hapa, tukasoma hapa, sasa tuna miaka thelathini na kitu na kila mtu ana kazi yake ya heshima. Kila Jumapili ya pili ya mwezi, usiku, watoto wakishalala, tunafungua kompyuta na kucheza Dungeons & Dragons. Mara nne kwa mwaka tunakutana ana kwa ana. Watu wa Dallas tunashuka barabara ya I-45, tunasimama Buc-ee's ya Madisonville kununua vitafunwa ambavyo hatuvihitaji, kisha tunaingia Houston tukakute pilau imeshaiva.

Ndiyo, najua. Wazazi wetu walituambia huo ni mchezo wa mashetani. Mama wa mwenzetu wa Fort Worth aliona picha ya joka kwenye jalada la kitabu akaenda moja kwa moja kwenye Ufunuo wa Yohana. Kitabu kilirudishwa dukani siku hiyo hiyo. Hata hivyo mama huyo huyo ndiye aliyemlea mwanawe kwa hadithi za sungura anayemdanganya fisi na simba kila siku na kusifiwa kwa ujanja wake. Hilo nitalirudia.

Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza. Mtu mmoja ni msimulizi. Yeye anaeleza dunia: mko wapi, mnaona nini, nani anakuja. Wengine kila mmoja ana mhusika wake na anasema mhusika huyo anafanya nini. Jambo likiwa na mashaka, unarusha dadu ya pande 20. Basi. Ni hadithi ya jioni kama zile za bibi, ila hapa watoto wanaruhusiwa kumkatiza bibi.

Huyu paladini ni nani?

Dungeons & Dragons ilitoka mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Mwaka uliofuata, 1975, kitabu cha nyongeza kiitwacho Greyhawk kilimleta paladini: askari mtakatifu, mwenye nguvu za kuponya kwa kugusa, asiyeshikwa na maradhi, anayelinda wanyonge. Jina lilitoka kwenye hadithi za kale za askari 12 wa mfalme Charlemagne wa Ufaransa.

Nguvu hizo hakupewa bure. Katika kitabu cha sheria cha mwaka 1978, paladini alitakiwa kutoa zaka asilimia 10 ya mapato yake, asimiliki zaidi ya vifaa 10 vya kichawi, na awe mwema siku zote. Akivunja utaratibu mdogo, aende kuungama na kufanya kitubio. Lakini akitenda uovu kwa kujua, hata mara moja, nguvu zake zinaondoka na hazirudi tena. Anabaki askari wa kawaida mwenye upanga na majuto.

Sasa fikiria wewe ndiye msimulizi na mbele yako kuna mchezaji mwenye mhusika wa namna hiyo. Kishawishi ni kikubwa mno. Unataka kumwona akianguka. Kwa hiyo miaka nenda miaka rudi wasimulizi duniani kote wamekuwa wakiwatega mapaladini wao. Mtego maarufu kuliko yote ni watoto wa goblini: mashujaa wameshaua goblini wote wa pangoni, wanafika chumba cha ndani, wanakuta watoto wao wanalia. Ukiwaua, umeua watoto. Ukiwaacha, watakua na kuja kuchoma kijiji. Paladini, chagua!

Mimi nimewahi kukalia kiti hicho, na nawaambia kweli, hakuna jambo linalochosha kama hilo. Huo si mtihani wa maadili. Ni mlango uliofungwa kutoka nje halafu unaulizwa kwa nini hutoki. Wabunifu wa mchezo wenyewe walilegeza kamba baadaye. Toleo la mwaka 2014 linampa paladini kiapo cha kuchagua: cha utumishi, cha kulinda uhai na nuru, au cha kisasi. Swali limebadilika. Zamani lilikuwa "je, wewe ni mwema kama kitabu kinavyotaka?" Sasa ni "uliahidi nini, na umeitimiza?"

Kijana wa Nassau Bay

Watu wa Houston, hapa ndipo penu. Mtu aliyelichukua swali la shujaa mwema na kulifanya kuwa gemu zima la kompyuta alikulia kwenu, Nassau Bay, jirani kabisa na kituo cha anga cha Johnson. Anaitwa Richard Garriott. Baba yake, Owen Garriott, alikuwa mwanaanga aliyekaa siku 59 kwenye kituo cha Skylab mwaka 1973. Kijana alisoma sekondari ya Clear Creek, akawa anacheza Dungeons & Dragons nyumbani na marafiki, na akaandika gemu la Akalabeth, lililoanza kuuzwa mwaka 1979 likiwa limefungwa kwenye mifuko ya plastiki katika duka la kompyuta alikokuwa akifanya kazi.

Baada ya hapo akatengeneza mfululizo wa Ultima. Magemu matatu ya mwanzo yalikuwa ya kawaida: kuna adui mkubwa, mtafute, muue. Kisha barua za wachezaji zikaanza kumfikia, na akagundua jambo lililomsumbua. Hao mashujaa walikuwa wanaiba dukani, wanaua raia, wanafanya lolote linaloharakisha ushindi, na mwishoni wanapigiwa makofi kwa kuiokoa dunia. Shujaa hakuwa na tofauti na jambazi ila cheo.

Kwa hiyo mwaka 1985 akatoa Ultima IV, ambayo haina adui mkuu wa kuua. Kazi yako ni kuwa mtu mwema. Kuna fadhila nane: ukweli, huruma, ushujaa, haki, kujitoa, heshima, uchamungu na unyenyekevu. Mwanzoni mwanamke mpiga ramli anakupangia kadi na kukuuliza maswali saba. Kila swali linagonganisha fadhila mbili, na hakuna jibu baya. Je, utasema ukweli au utamhurumia mkosaji? Utatimiza ahadi au utamsaidia aliyeumia njiani? Ukiegemea heshima, unaanza ukiwa paladini. Ukiegemea huruma, unaanza ukiwa malenga na chombo chake cha muziki. Ukiegemea unyenyekevu, pole, unaanza ukiwa mchunga kondoo.

Kitu kinachonifurahisha zaidi kwenye gemu hilo ni muuza dawa za mitishamba. Huyu mama ni kipofu. Ukinunua, yeye anakutajia bei, halafu wewe unaandika umelipa kiasi gani. Unaweza kulipa pungufu na hasemi kitu. Unachukua dawa zako unaondoka. Hakuna kengele, hakuna polisi. Ila gemu limehesabu kimyakimya, na siku utakapotaka kutambuliwa kuwa mkweli, hesabu itatolewa. Bibi yangu wa Muheza angeipenda hiyo sana.

Miaka mitatu baadaye, 1988, Ultima V ikatoka na swali gumu zaidi. Mfalme amepotea, na mtawala wa muda aitwaye Blackthorn amezigeuza zile fadhila kuwa sheria za dola. Kusaidia maskini sasa ni lazima: usipotoa nusu ya mapato yako, unanyang'anywa yote. Kusema uongo kuna adhabu ya kukatwa ulimi. Fadhila ni zilezile, maneno ni yaleyale, na nchi imekuwa jehanamu. Kwa hiyo gemu la kwanza lilitufundisha kufuata fadhila, la pili likatuonyesha kwamba fadhila isiyomjali mtu inayemgusa inaweza kuwa rungu.

Na kwenye gemu hilo hilo Garriott aliweka chumba chenye watoto waliofungiwa. Ukiwafungulia, wanakushambulia. Amesimulia mwenyewe kwamba mmoja wa wajaribu wa gemu alikasirika sana, na hata ndugu yake aliyekuwa mshirika wake wa biashara alitaka chumba kiondolewe. Yeye akakataa. Hoja yake ilikuwa kwamba hakuna aliyelazimishwa kuwaua: unaweza kuwalaza kwa uchawi, unaweza kuondoka, unaweza hata usiwafungulie. Mnaona tofauti na wale watoto wa goblini? Hapa mlango haujafungwa kutoka nje. Mchezaji amekasirika kwa sababu amejiona.

(Watu wa Dallas msinune. Mwaka 1993, hapa kwetu Mesquite, kampuni ya id Software ilitoa Doom, ambayo mlango ukifunguka unapiga risasi kwanza. Kila mji na mchango wake.)

Mtu aliyefichwa ghalani

Sasa turudi kwenye meza yetu. Msimulizi wetu ni nesi wa Houston, mwenzangu wa kwenye podikasti, na ni mkali kuliko gemu lolote. Mimi nacheza paladini. Kiapo nilichojiandikia mwenyewe kina mistari mitatu, na wa kwanza ni huu: hatasema uongo.

Kama wiki tano kabla ya yale ya Baba, alituleta kijijini. Usiku tukamkuta kijana aliyetoroka jeshini, amejeruhiwa, tukamficha ghalani. Asubuhi kapteni akaja na askari 20. Akanitazama mimi, maana sifa za paladini zinatangulia, akauliza: "Wewe husemi uongo. Kuna mtu ameingia ghala hili?"

Waliosoma falsafa chuoni wanalijua swali hili. Mwaka 1797 Immanuel Kant aliandika kwamba hata muuaji akija mlangoni kukuuliza rafiki yako yuko wapi, huna haki ya kumdanganya. Nilipolisoma chuoni nilisema huyu mzee hakuwahi kuwa na shangazi. Kwenye mila zetu jibu liko wazi kabisa. Chukua kisa cha Fumo Liyongo, kama alivyokitunga Muhammad Kijumwa wa Lamu katika utenzi wa mwaka 1913. Liyongo amefungwa gerezani, anasubiri kuuawa. Mama yake anaoka mikate mizuri ya walinzi, na mmoja wa wishwa ambao ndani yake kuna tupa ya kukatia minyororo. Walinzi wanachukua mizuri, wanamwachia mfungwa ule mbaya. Hakuna msikilizaji aliyewahi kusimama na kusema yule mama amefanya dhambi. Tunashangilia, kama tunavyomshangilia sungura.

Lakini mimi nilitaka vyote viwili. Nilitaka kijana apone na kiapo changu kibaki safi. Kwa hiyo nikamjibu kapteni: "Nimesimama hapa tangu alfajiri. Sijaona mtu yeyote akiingia." Kweli tupu. Kijana aliingia usiku, si alfajiri.

Meza ikalipuka kwa vicheko. Kapteni akaondoka. Nikajiona Liyongo, mama yake na Kant, wote kwa pamoja. Kisha msimulizi akaniuliza taratibu: "Kiapo chako kinahusu maneno yako, au kinahusu yule anayekusikiliza?"

Nikasema kinahusu maneno. Akasema sawa, tuendelee, na hakuninyang'anya nguvu yoyote. Ningependa angeninyang'anya. Ningejifunza mapema.

Jumatano usiku

Baba alikuwa na upasuaji wa moyo uliopangwa siku ya Alhamisi, huko Houston. Nilishuka toka Irving Jumatatu. Jumanne, saa za huku zikiwa bado alfajiri, simu ikapigwa kutoka Tanga. Baba Mkubwa amefariki. Kaka yake Baba, mmoja tu, aliyemlipia ada ya shule, aliyeuza ng'ombe ili Baba apate nauli ya kuja Marekani. Alikuwa anaumwa, lakini hakuna aliyetegemea aondoke wiki hiyo.

Shangazi akaitisha kikao cha WhatsApp. Mnazijua familia zetu: kikao kilichukua dakika kumi na uamuzi ulikuwa umeshafanyika kabla ya kuanza. Asiambiwe. Moyo wake hautastahimili. Akifanyiwa upasuaji, akipata nguvu, atakuja mchungaji, tutakaa naye vizuri, ataambiwa. Mama akalia akakubali. Dada yangu akakubali. Nami nikakubali. Sikupinga hata kidogo, na nisijifanye hapa kwamba nilipinga.

Tena kwetu sisi kizazi cha pili kazi hii si ngeni. Tumekuwa wakalimani tangu tukiwa na miaka minane, tisa. Leo sheria ya Marekani inazuia hospitali kumtegemea mtoto kuwa mkalimani, isipokuwa kwenye dharura, lakini wengi wetu tuliwahi kukaa katikati ya daktari na mzazi, tukiamua kwa kichwa cha mtoto ni neno lipi lipite na lipi lilainishwe. Dokta anasema jambo la kutisha, wewe unamwambia Mama "anasema upumzike na ule vizuri". Tulijifunza mapema kwamba kumpenda mzazi ni kumchujia habari.

Jumatano usiku nilikuwa peke yangu naye chumbani. Taa zimepunguzwa, ile mashine inahesabu. Hakuwa amelala. Akaniuliza, bila kunitazama: "Kaka anaendeleaje?"

Nilikuwa na jibu tayari. Nililitayarisha kwenye gari, kipaji kilekile cha ghalani. Nitasema "anapumzika". Si uongo. Mtu aliyekufa anapumzika, hata kwenye mazishi wanasema hivyo. Na mgonjwa pia anapumzika. Neno moja, milango miwili, naye ataingia ule ninaotaka mimi.

Nikafungua mdomo nikasema: "Amepumzika, Baba."

Kwa wale ambao Kiswahili chao ni cha kuungaunga kama changu, acha nieleze. Anapumzika: yuko kitandani, amelala kidogo, ataamka. Amepumzika: kwa mtu mgonjwa, ukiulizwa usiku namna ile, maana yake moja. Herufi mbili tu. Nilizijua herufi hizo. Nimefundishwa na mtu huyo huyo aliyekuwa kitandani, aliyekuwa ananisahihisha mezani hadi chakula kinapoa.

Baba alinyamaza. Kisha akasema: "Sawa. Apumzike." Akanigeuzia mgongo taratibu, na mimi nikajiambia hakusikia.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Jumamosi Baba Mkubwa akazikwa Muheza. Tulitazama mazishi kwenye simu, mimi, Mama na dada, tumejibana kwenye gari ndani ya gereji ya hospitali ili Baba asisikie nyimbo. Ghorofa kadhaa juu yetu alikuwa amelala mtu mwenye haki ya kwanza ya kuutazama msiba ule.

"Usinichagulie"

Wiki mbili baadaye tukakusanyika nyumbani. Mchungaji, Mama, dada, mimi, na Shangazi kwenye simu. Mchungaji akaanza mbali, kama wafanyavyo, akapitia kwa Ayubu. Baba akamwinulia mkono.

"Mchungaji, asante. Nilijua tangu Jumatano. Mtoto aliniambia."

Wote wakanigeukia. Shangazi, kwenye simu, akasema jina langu kwa sauti ambayo sijaisikia tangu nivunje dirisha nikiwa na miaka kumi. Nikaanza kujitetea kwamba ulimi uliteleza, kwamba nilitaka kusema neno lingine. Baba akasema: "Sijali ulitaka kusema nini. Nashukuru ulivyosema."

Kisha akaongea, na nitayaandika kama nilivyoyashika. Alisema usiku ule alilia na akaomba. Alimuaga kaka yake akiwa anajua kwamba na yeye huenda asiamke kesho. Alisema hakutuambia anajua kwa sababu alituona tumejipanga kumlinda, akaogopa kutuvunja moyo kabla ya upasuaji. Yaani sisi tunamficha yeye, yeye anatuficha sisi, na kila mtu anafanya hivyo kwa upendo, na kila mtu analia peke yake.

Halafu akasema: "Mngeniambia, pengine ningesema tusogeze upasuaji. Pengine ningesema tuendelee. Pengine ningeomba nione mazishi. Hamkuniuliza. Siku nyingine mniambie. Kuvumilia ni kazi yangu. Usinichagulie."

Shangazi alikata simu. Walikuja kupatana, lakini ilichukua muda. Na kusema kweli, siwezi kumlaumu. Yeye alikuwa Tanga, ameshapoteza kaka mmoja, anaogopa kupoteza wa pili ndani ya wiki moja. Na je, kama moyo ungegoma usiku ule baada ya neno langu? Leo ningekuwa naandika makala nyingine, au nisingeandika kabisa. Matokeo mazuri hayajathibitisha kwamba nilikuwa sahihi. Nalijua hilo. Mpaka leo pia sijui kama ulimi uliteleza kweli au kuna sehemu ndani yangu iliyokataa. Waswahili wanasema ulimi hauna mfupa. Labda siku ile uliupata.

Nimefikiria sana kuhusu Liyongo tena, lakini safari hii si mama na mikate yake. Namfikiria mwanawe. Yule kijana alitumwa na adui, kwa ahadi ya makubwa, akamwulize baba yake siri ya kinachoweza kumwua, ambayo ni sindano ya shaba ya kitovuni. Katika masimulizi, Liyongo anahisi kabisa kwamba mtoto ametumwa, na bado anamjibu. Mimi sikutumwa na adui, nilitumwa na wanaompenda. Lakini nilisimama pale pale: mtoto mbele ya baba, na ujumbe wa watu wengine mdomoni, nikidhani yeye haoni.

Kwa wasimulizi, na kwa wengine wote

Niliporudi mezani nilimwomba msimulizi wetu kitu kimoja: nibadilishe mstari wa kwanza wa kiapo. Zamani ulisema "hatasema uongo". Sasa unasema "hatamchagulia mtu mzima ukweli wake". Alikubali, kisha akanionya kwamba huo ni mgumu zaidi. Ni kweli. Kapteni akirudi leo, nitamdanganya mchana kweupe bila kuzungukazunguka, maana ukweli wa mahali alipo yule kijana si wa kapteni, ni wa kijana. Lakini yule kijana akiniuliza kama jeraha lake litapona, sina tena pa kujificha.

Kwa wale mnaosimulia michezo yenu, mmetuuliza mara nyingi jinsi ya kumpa shujaa mwema mtihani wa kweli bila kumtega. Sisi tunafuata mambo matatu. La kwanza, gonganisha mambo mawili ambayo mchezaji anayapenda yote, kama yule mpiga ramli na kadi zake. Usimpe mabaya mawili ukamwita mwovu akichagua. La pili, mjulishe gharama kabla hajaamua. Kuanguka bila onyo si funzo, ni ajali. La tatu, na hili ndilo nililojifunza hospitalini: yule anayeamuliwa awe na mdomo. Wale watoto wa goblini hawasemi chochote, ndiyo maana swali lao halina uhai. Mpe mtoto mmoja jina. Mwache aulize, "Mama yangu yuko wapi?" Halafu mtazame paladini wako akitafuta maneno.

Kwa ninyi msiocheza, swali ni lile lile. Wazazi wetu wanazeeka, simu za alfajiri zitaongezeka, na kwenye kila familia kuna kikao cha dakika kumi kinachokuja. Mimi na Baba tumeshakubaliana. Tulikaa barazani, Houston, joto la kuua, nikamwuliza: likitokea tena, unataka kuambiwa lini, na nani, na ukiwa katika hali gani? Alijibu yote, kama mtu aliyesubiri kuulizwa miaka mingi. Kisha akaniuliza na mimi: "Na wewe je?"

Sikuwa na jibu. Nimempa ahadi ya kumjibu kabla ya Desemba.

Tuambieni: kwenu mliamua nini, na yule aliyefichwa alisema nini alipojua? Tutasoma majibu kwenye kipindi kijacho, bila majina. Na Shangazi, najua unasoma. Shikamoo.